Skrini Mbili, Kadi Moja: Mwongozo wa Kutafuta Hitilafu za Picha kwa Watumiaji wa Kompyuta wa Ngenge na Muleba

Kadi ya michoro, ambayo mafundi wengi huiita grafiksi kadi, ni kipande cha kompyuta kinachogeuza maagizo ya programu kuwa picha na kuipeleka picha hiyo kwenye skrini. Na kadi ya skrini mbili ni ile yenye uwezo wa kupeleka picha mbili tofauti kwa wakati mmoja, ili mhariri wa video ya harusi aone upande mmoja vipande anavyovikata na kuviunga, na upande wa pili aone video kama mteja atakavyoiona. Katika mazingira ya Kata ya Ngenge na ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kwa jumla, mpango huu huwafaa wenye studio za picha, maduka ya stesheneri yanayochapa kadi za mwaliko huku mteja akikagua majina kwenye skrini iliyogeuzwa upande wake, na shule au makanisa ambayo skrini yao ya pili ni projekta.

Hitilafu inapojitokeza, mtumiaji wa Ngenge hukabiliwa na jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa mijini hailifikirii, nalo ni umbali wa vipuri. Kebo au kadi isiyopatikana Muleba hufuatwa Bukoba mjini, na isipopatikana Bukoba huagizwa Mwanza au Kariakoo, Dar es Salaam, safari ya barabara ya kilomita zipatazo 1,400. Hivyo kununua kifaa kwa kubahatisha, kukifunga na kukuta tatizo liko palepale ni hasara ya fedha, nauli na siku za kazi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaweka mbele kutafuta mahali ilipo hitilafu kabla ya kuitafutia dawa, na unashikilia kwamba mwenye skrini mbili ana nafasi nzuri kuliko mwenye skrini moja, kwa kuwa ile iliyo nzima humpa kipimo cha kuijaribia ile iliyoharibika.

Picha hupita hatua nne kabla ya kufika machoni. Kwanza programu hutoa maagizo kupitia kiendeshi, yaani programu ndogo iitwayo draiva ambayo kazi yake ni kuuelewanisha mfumo wa kompyuta na kadi. Pili, chipu ya kadi huchora picha kwa kufuata maagizo hayo na kuiweka katika kumbukumbu yake. Tatu, picha husomwa kutoka kwenye kumbukumbu na kutolewa nje kupitia tundu la kadi na kebo. Na nne, skrini huipokea na kuionyesha. Liko jaribio moja lisilogharimu chochote ambalo huikata njia hii katikati. Wakati hitilafu inaonekana, mtumiaji apige skrinishoti, yaani anakili picha iliyomo ndani ya kompyuta na kuihifadhi kama faili, kisha aitazame faili hiyo kwenye simu au kwenye kompyuta nyingine. Mistari, madoa au miraba ya rangi ikionekana hata huko, kosa liko katika hatua mbili za mwanzo, yaani programu, kiendeshi, au chipu na kumbukumbu ya kadi, na kununua kebo mpya hakutasaidia lolote. Faili ikiwa safi, kosa liko katika hatua mbili za mwisho, yaani tundu, kebo, adapta au skrini yenyewe, na hapo kupiga Windows upya, dawa ambayo baadhi ya mafundi huikimbilia kwa kila ugonjwa, ni kupoteza muda na pengine kupoteza kazi za wateja zilizohifadhiwa. Mshale wa kipanya pekee hauingii katika kanuni hii, kwa kuwa kadi nyingi huuchora kwa njia ya pembeni, na kwa hiyo mshale ulioharibika unaweza usionekane katika skrinishoti ingawa kosa ni la kadi.

Skrinishoti ikiwa imeelekeza kwenye hatua mbili za mwisho, jaribio la pili ni kubadilishana nafasi, ambalo hufuata sharti moja tu, kwamba kigeuzwe kitu kimoja kwa kila jaribio. Kompyuta ikiwa imezimwa, ncha za kebo mbili zilizochomekwa kwenye kadi hubadilishwa nafasi, huku ncha za upande wa skrini zikiachwa kama zilivyo. Hitilafu ikibaki kwenye skrini ileile, tundu la kadi limeondolewa katika orodha ya watuhumiwa, na kilichobaki ni kebo au skrini. Ikihamia skrini ya pili, tundu ndilo lenye kosa. Katika hali ya kwanza, hatua inayofuata ni kubadilishana kebo zenyewe, na hapo mwenye kosa atajulikana. Pale ambapo matundu ya kadi si ya aina moja, kwa mfano moja ni VGA na jingine ni HDMI, kubadilishana huko hakuwezekani moja kwa moja, lakini skrini nyingi zina matundu ya aina zote mbili, na kuiunganisha skrini inayosumbua kwa kebo iliyo nzima huonyesha kama kosa ni la skrini yenyewe au la. Hata taa ndogo ya skrini husema jambo: ikizimika kabisa, skrini imekosa umeme, ikigeuka rangi, aghalabu kuwa ya njano au chungwa, au ikianza kumweka, skrini ina umeme ila haipokei picha.

Agizo la kuzima kompyuta kabla ya kuchomoa kebo limewekwa kwa sababu nzito kuliko adabu ya kazi. Pawa saplai ya kompyuta hutegemea waya wa athi, yaani waya wa tatu unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na waya huo ukikosekana, bodi ya chuma ya kompyuta hubeba volti zinazoweza kukaribia nusu ya volti za mtandao wa umeme, ingawa kwa mkondo mdogo sana ambao mguso wake huhisiwa kama kupigwa shoti nyepesi. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu lake la athi halijaunganishwa na chochote, na nyaya za kuongezea umeme zenye pini mbili tu ni za kawaida madukani. Kompyuta isiyo na athi inapounganishwa na projekta iliyochomekwa kwenye soketi ya chumba kingine, tofauti hiyo ya volti hutafuta njia kupitia kebo ya picha, na pini ya HDMI ikigusa kabla ya ganda lake la chuma, tundu la kadi linaweza kuungua papo hapo. Kwenye kebo ya VGA kosa hilohilo hujionyesha kwa upole zaidi, kama mikanda mipana ya kivuli inayopanda au kushuka kwenye picha bila kukoma. Na dawa yake ni kuchomeka kompyuta na skrini zote mbili kwenye soketi moja yenye athi ya kweli, iliyopimwa na fundi umeme, kabla ya kuilaumu kadi.

VGA inastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu, ingawa IBM iliileta mwaka 1987, bado ndiyo inayokutwa kwenye skrini nyingi za mtumba na projekta nyingi za shule. Kebo yake ina nafasi za pini 15, na hupeleka rangi nyekundu, kijani na bluu katika nyaya tatu tofauti, jambo linalorahisisha uchunguzi: ukurasa mweupe ukigeuka manjano, bluu imekatika, ukigeuka zambarau ya waridi, kijani kimekatika, na ukigeuka samawati yenye ukijani, nyekundu ndiyo haifiki. Mara nyingi pini imepinda kwa kuchomekwa kwa nguvu, na inaweza kunyooshwa taratibu kwa kibano chembamba, ila mtumiaji asitishike akikuta nafasi ya pini ya tisa iko tupu, kwa kuwa watengenezaji wengi huiacha makusudi. Pini nyingine hubeba utambulisho wa skrini, kifurushi kidogo cha taarifa cha baiti 128 ambacho skrini huitumia kuieleza kompyuta jina lake na idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha, inazoweza kuonyesha. Pini hizo zisipogusa, picha huja, lakini kompyuta haijui inaongea na nani, na hubaki kwenye pikseli 1024 kwa 768 au chini yake, maandishi yakiwa makubwa na yenye ukungu. Mtu anayeona hali hii mara nyingi hudhani draiva imeharibika, kumbe kebo ya bei nafuu ilitengenezwa bila nyaya hizo.

Katika kompyuta ndogo za ofisini za Dell na HP ziingiazo nchini kama mtumba, kuna aina ya kadi inayowachanganya wengi. Kadi hiyo ni fupi, na badala ya matundu mawili ina tundu moja pana lenye pini zilizopangwa safu nne, liitwalo DMS-59 kwa sababu ya pini zake 59, ambalo hubeba picha za skrini mbili kwa pamoja na kuhitaji kebo yenye umbo la Y ili kuzigawa katika VGA mbili au DVI mbili. Kompyuta za namna hii mara nyingi hufika bila kebo hiyo, na mnunuzi, akiona tundu linalofanana kidogo na la DVI, hujaribu kulazimisha plagi ya DVI ndani yake na kuziharibu pini. Kebo ya Y ikiwapo na skrini moja ikakataa, jaribio la kubadilishana hufanywa kwenye ncha zake mbili, na mara nyingi hubainika kwamba ni tawi moja la kebo lililokatika ndani, karibu na shina, kwa kupindwa nyuma ya meza iliyosogezwa ukutani.

Adapta nazo, vile vipande vidogo vya kugeuza aina moja ya tundu kuwa nyingine, zina mtego wao. VGA hupeleka picha kama volti zinazopanda na kushuka bila kukatika, ilhali HDMI, DisplayPort na DVI ya aina ya DVI-D huipeleka kama tarakimu; kwa hiyo kutoka tarakimu kwenda VGA huhitajika adapta yenye chipu ya kufanya tafsiri hiyo, na kipande cha plastiki chenye nyaya tu hakitatoa kitu. DVI-I, inayotambulika kwa pini nne zilizozunguka bapa la pembeni, hubeba aina zote mbili na huweza kutumia adapta ya kawaida. Kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ina mwelekeo mmoja: hufanya kazi kadi ikiwa upande wa DisplayPort, na haifanyi kazi ikigeuzwa, ingawa plagi zake huingia bila kulalamika.

Kabla ya kufungua kompyuta, inafaa pia kuhakikisha kwamba kebo zote mbili zimechomekwa kwenye kadi na si moja kwenye kadi na nyingine kwenye tundu la ubao mama, kwa sababu kompyuta nyingi huzima matundu ya ubao mama mara zinapoitambua kadi, na skrini iliyochomekwa huko hubaki nyeusi ikieleza kwamba haipokei ishara. Katika mashine nyingine matundu hayo yanaweza kuruhusiwa kupitia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, kwa kubonyeza F2 katika Dell nyingi na F10 katika HP nyingi. Kadi za kabla ya mwaka 2009 hivi, na baadhi za baada yake, zina ukomo mwingine: huweza kuwa na matundu matatu na bado zikaendesha skrini mbili tu kwa wakati mmoja, hivyo projekta inayoongezwa juu ya skrini mbili haitawaka, na hakuna kilichoharibika.

BIOS hutumika vilevile kama jaribio la tatu. Humo kiendeshi cha Windows hakijaanza kufanya kazi, na kwa hiyo mistari na miraba inayoonekana hata kwenye ukurasa wa BIOS, na ikaonekana hivyo kwenye skrini zote mbili zikijaribiwa moja baada ya nyingine, ni ushahidi kwamba kadi yenyewe ni mbovu. Hitilafu inayosubiri Windows iwake ndipo ijitokeze huelekea kuwa ya kiendeshi, ingawa joto linaweza kuiga dalili hiyo. Skrini moja kubaki nyeusi wakati wa BIOS si kosa, kwa kuwa kadi nyingi hutumia skrini moja tu katika hatua hiyo.

Kwa upande wa Windows, mengi yanayoitwa hitilafu ni mipangilio tu. Kitufe cha Windows pamoja na P hufungua uchaguzi wa namna nne wa kutumia skrini mbili, na mwanafunzi aliyeugusa bila kujua anaweza kuizima skrini moja. Kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa pamoja huiwasha upya draiva bila kufunga kazi iliyo wazi. Na dirisha lililopotelea kwenye skrini iliyoondolewa huchaguliwa kwa Alt na Tab, kisha hurudishwa kwa kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia. Skrini zote mbili zikizimika kwa sekunde chache na kurudi huku kompyuta ikiendelea kunguruma, Windows imegundua kwamba kadi haikujibu kwa zaidi ya sekunde 2, muda uliowekwa kwa kawaida, na imeiwasha upya. Hali hiyo ikianza mara baada ya masasisho, draiva irudishwe kwenye toleo la zamani, na ikiwa haikufuata badiliko lolote, joto na umeme vichunguzwe kwanza.

Umeme ndio mahali ambapo Kagera ina historia yake. Mkoa huu kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulioingizwa kutoka Uganda kupitia Kyaka, na ingawa kiwango rasmi cha nchi ni volti 230, njia ndefu za vijijini hushusha volti kadiri zinavyokwenda mbali na transfoma, hasa jioni watu wengi wanapowasha vifaa. Volti zikishuka, skrini yenye adapta yake ya umeme ya nje inaweza kuzimika na kuwaka ilhali kompyuta haijatetereka, na mtumiaji akadhani ni kadi. Stabilaiza, yaani kifaa cha kuinua na kushusha volti ili zibaki karibu na kiwango, hutatua hilo, na UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, hutatua katizo fupi. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachotegemewa dhidi ya radi, ambayo bonde la Ziwa Victoria linaijua kuliko sehemu nyingi za dunia. Mawingu ya masika au ya vuli yanapokusanyika, kinachofaa ni kuchomoa plagi za kompyuta na za skrini zote mbili, pamoja na kebo ndefu ya projekta na waya wowote utokao kwenye dishi, kwa sababu radi iliyopiga mbali huweza kuingiza volti katika kebo ndefu hata ikiwa swichi imezimwa. Wanaotumia umeme wa jua wazingatie aina ya inveta: zile za bei ya chini hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na kelele hiyo huweza kuonekana kama chembe zinazotetemeka kwenye picha ya VGA.

Joto husababishwa zaidi na vumbi. Feni ya kadi ni ndogo, na mabapa ya chuma yaliyo chini yake huziba kwa vumbi la kiangazi na kwa wadudu wadogo wanaofuata mwanga wa skrini usiku. Dalili ya joto ni hitilafu inayoanza baada ya dakika kadhaa za kazi nzito na kutoweka kompyuta ikipumzika. Feni hushikwa isizunguke na vumbi hutolewa kwa brashi laini. Unyevu wa Kagera nao hufifisha pini za dhahabu za kadi, ambazo husafishwa kwa kifutio laini cha penseli, kisha kadi ikasukumwa barabara katika nafasi yake hadi kibanio kilie. Ziko kadi ambazo hupata joto kwa sababu ya skrini zenyewe: skrini mbili zenye idadi tofauti za pikseli au kasi tofauti za kuonyesha picha upya huilazimisha kumbukumbu ya kadi kufanya kazi kwa kasi ya juu hata pasipo na kazi, na kuziweka zote kwenye hezi 60 mara nyingi hupunguza joto hilo na kumetameta kwa picha kunakoambatana nalo.

Kadi iliyothibitika kufa haistahili kuwekwa katika oveni, ushauri unaozunguka miongoni mwa mafundi vijana, kwani joto hilo huirejesha kwa siku au wiki chache tu na kuacha mvuke usiofaa mahali panapopikiwa chakula. Anayeagiza kadi nyingine aangalie mambo matatu kabla ya bei. Kompyuta ndogo za mtumba huhitaji kadi ya nusu kimo yenye bamba fupi, la sivyo kifuniko hakitafungwa. Pawa saplai zake ni dhaifu, hivyo kadi isizidi wati 75, kiasi ambacho nafasi ya kadi kwenye ubao mama huweza kutoa bila waya wa ziada. Na matundu yalingane na skrini zilizopo, ili adapta zisihitajike. Ikiwa ni kadi iliyotumika, muuzaji aombwe kuiwasha mbele ya mnunuzi, au kwa video ya simu, ikiwa imeunganishwa na skrini mbili kwa pamoja kwa muda wa nusu saa, kwa sababu kadi yenye tundu moja bovu hufaulu bila tabu jaribio la skrini moja.